Jeki ya mtambo ikivuja: mambo ya kuuliza kabla ya kuivusha mpaka

Mmiliki wa tipa au mtambo wa kuchimbia mjini Kigali ambaye jeki yake imeanza kuvuja mafuta ana njia mbili. Anaweza kumtafuta fundi aliye karibu, au kuifungua jeki, kuipakia kwenye lori na kuipeleka Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, kwenye karakana zenye mashine kubwa za kukereza vyuma. Safari ya Dar es Salaam kupitia Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,400 kwenda tu. Kwa umbali huo, jeki iliyotengenezwa vibaya hairudishwi kwa fundi kesho yake asubuhi. Kwa hiyo karakana ichaguliwe kabla ya safari, na kigezo cha kwanza kiwe vipimo, bei ifuate baadaye.

Nguvu iliyofungwa ndani ya bomba

Jeki, ambayo wataalamu huiita silinda ya haidroliki, ni bomba nene la chuma lenye pistoni ndani yake. Pampu husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni, na fimbo iliyounganishwa na pistoni huinua bodi ya tipa au mkono wa mtambo.

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa shinikizo la baa 2 hivi. Jeki nyingi za viwandani na za mitambo hufanya kazi kwa baa 200, na mitambo mingi ya kuchimbia hupita 300. Kwa baa 200, pistoni yenye kipenyo cha milimita 100 husukuma kwa nguvu inayotosha kuinua takriban tani 16. Kiungo kilichochomelewa vibaya kikiachia, uzito huo humwangukia aliye chini yake.

Sili ni dalili tu

Jeki inapovuja, jambo linalofanywa upesi ni kubadilisha sili, yaani mipira inayozuia mafuta. Mara nyingi, hata hivyo, mpira umeharibika kwa sababu ya kitu kingine. Fimbo iliyopinda huulemea mpira upande mmoja. Krome iliyobambuka huukata kama tupa. Mafuta yenye mchanga hukwaruza bomba kwa ndani, na sili mpya ikiwekwa juu ya mikwaruzo hiyo haitadumu.

Macho peke yake hayatoshi kuyabaini hayo. Tabaka la krome kwenye fimbo kwa kawaida lina unene wa mikroni 20 hadi 30, jembamba kuliko unywele wa mtu. Isitoshe, bodi ya tipa inayoshuka yenyewe huenda ina hitilafu kwenye valvu, wala si kwenye jeki. Fundi anayetaja bei kwa simu kabla ya kuuliza mtambo unafanya kazi gani na dalili zilianzaje, anauza sili tu.

Maswali matano kwa karakana

Kwanza: je, jeki itafunguliwa na kupimwa kabla ya bei kukubaliwa? Karakana makini hupima unyofu wa fimbo kwa geji, hupima kipenyo cha bomba sehemu mbalimbali, kisha humpa mteja vipimo hivyo kwa maandishi.

Pili: fimbo ikiwa imeharibika, itafanywaje? Kuikwangua kwa msasa na kuirudisha si matengenezo. Ama ipakwe krome upya na kusawazishwa, ama itengenezwe nyingine kwa chuma cha daraja linalofaa.

Tatu: sili zinatoka wapi, na ni za aina gani? Mpira unaofaa mtambo wa shambani unaweza kuharibika upesi katika kiwanda chenye joto kali. Mteja aombe kuziona zikiwa bado kwenye pakiti.

Nne: jeki itajaribiwa kwa shinikizo gani? Kuiona ikitoka na kuingia bila mzigo hakuthibitishi chochote. Inapaswa kushikiliwa katika shinikizo lake la kazi au zaidi, huku geji ikiangaliwa kama inashuka.

Tano: dhamana ni ya muda gani, na jeki ikivuja tena, nani atalipa usafiri? Jibu liandikwe. Mteja adai pia kurudishiwa vipuri vya zamani, kwani ndivyo vinavyoonyesha kilichobadilishwa.

Si kila jeki ivuke mpaka

Ikiwa vipimo vinaonyesha kwamba fimbo imenyooka, krome ni nzima na bomba ni laini, fundi wa karibu mwenye usafi na vifaa sahihi anaweza kubadilisha sili bila safari yoyote. Kazi zinazohitaji karakana kubwa ni krome mpya, kusugua bomba refu kwa ndani, au kutengeneza fimbo upya.

Jeki ikilazimika kwenda, taratibu za forodha zianze mapema. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatambua bidhaa zinazotoka nchini kwa muda ili zikatengenezwe kisha zirejeshwe. Namba iliyogongwa kwenye jeki iandikwe kwenye hati wakati wa kutoka na picha zipigwe. Bila hivyo, ni vigumu kuthibitisha wakati wa kurudi kwamba si kifaa kipya kilichonunuliwa nje.

Wakati wa kusubiri

Jeki inayovuja isiendelee kupakizwa mzigo kwa kuwa tu bado inainua. Mtu asiingie chini ya bodi iliyoinuliwa bila nguzo madhubuti ya kuikinga. Mahali panapovuja pasitafutwe kwa mkono: mafuta yanayochuruzika kwa shinikizo kubwa hutoboa ngozi, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano huhitaji hospitali siku hiyohiyo. Kipande cha kadibodi kinatosha kuonyesha yanapotokea.

Jeki itakaporudi, kabla ya kufungwa, mafuta ya mtambo yamwagwe, tangi lisafishwe na chujio libadilishwe. Mchanga ulioiharibu ile ya kwanza ungali humo.