Timu ya Sudan Kusini na kiwanja cha vijana wa Kinole

Tarehe 28 Julai 2024, mjini Lille nchini Ufaransa, timu ya taifa ya wanaume ya Sudan Kusini iliingia kucheza mpira wa kikapu katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Ukapigwa wimbo wa taifa usiokuwa wao: ulikuwa wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo tarehe 9 Julai 2011. Wakangoja hadi ulipopigwa uliokuwa wao, kisha wakaifunga Puerto Rico pointi 90 kwa 79. Siku nane kabla yake, mjini London, katika mchezo wa kujipima nguvu, Marekani iliwazidi kwa pointi moja tu, 101 kwa 100.

Habari hizo zilifika hadi kwetu Kinole, katika miteremko ya Uluguru, kupitia simu za vijana. Haukupita muda mrefu, vijana wakaleta ombi mbele ya kamati ya msikiti: wapewe kiwanja kilicho pembeni ya madrasa ili wasimike nguzo ya goli. Aijuaye Kinole ataelewa uzito wa ombi hilo. Ardhi yetu ni ya kupanda na kushuka, imeshikwa na migomba, mifenesi na michungwa. Mahali tambarare pa kutosha uwanja kamili, mita 28 kwa 15, ni nadra mno. Na hapo hapo ndipo tunapoanika pilipili manga na karafuu, ndipo pia yanapotandikwa majamvi siku ya Idi waumini wanapozidi.

Wapo wazee waliopinga. Mmoja alisema Sudan Kusini si mfano kwetu, kwa kuwa wachezaji wao wengi walijifunza mchezo ugenini. Hoja hiyo ina ukweli, wala hatukuipuuza. Luol Deng, rais wa shirikisho lao tangu mwaka 2019, alizaliwa Wau, akakimbia vita akiwa mtoto, akaanza kucheza nchini Misri na kukulia Uingereza. Lakini ni yeye aliyecheza miaka mingi katika ligi ya NBA, kisha akarudi kuikusanya timu na kuigharamia kwa fedha zake. Timu ile ilipatikana kwa sababu mtu mzima mmoja alikubali kutoa.

Sisi Watanzania tulimpata Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 2009 alikuwa mchezaji wa pili kuchaguliwa katika NBA. Alianza mchezo huo akiwa na umri wa miaka kama 15. Hata hivyo, timu yetu ya taifa ya wanaume haijawahi kufika Olimpiki wala Kombe la Dunia. Mtu mmoja, hata awe na urefu wa mita 2.21, hawezi kuwa timu. Wenzake hutoka katika viwanja vidogo vidogo ambavyo sisi wazazi tunavifungua au kuvifunga.

Hoja nzito zaidi ilikuwa ya sala, kwamba mchezo utameza Magharibi. Hapa tulimkumbuka Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, aliyecheza NBA akiwa amefunga. Februari 1995 iliangukia Ramadhani, na mwezi huo huo alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Mwaka uliofuata aliipatia Marekani medali ya dhahabu huko Atlanta akiwa na wenzake. Ikiwa yeye, katika ligi yenye fedha nyingi vile, aliweza kulinda ibada yake, kijana wa Kinole atashindwaje kuweka mpira chini adhana inaposikika? (Kuhusu sitara, bukta za mchezo huu miaka ya 2000 zilikuwa zikivuka magoti, jambo lililowashangaza baadhi ya wazee wetu.)

Basi kamati iliafikiana hivi. Itasimikwa nguzo moja, wachezee nusu uwanja, na goli liwe mita 3.05 kutoka ardhini, kipimo kile kile cha Lille. Mchezo utaanza baada ya Alasiri na kukoma robo saa kabla ya Magharibi. Msimu wa kuanika, kiwanja kitarudi kwa wakulima. Ubao watachonga vijana wenyewe. Fedha za chuma tumeanza kuchangishana, na shimo la nguzo litachimbwa mara pilipili manga iliyopo juani itakapoondolewa.