Adui Wawili Katika Ini Moja

Tangu siku za kupigania uhuru tumefundishwa kuwa adui zetu ni watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Leo twapenda kusema juu ya maradhi ambayo ujinga ndio ngao yake.

Homa ya ini ya B huletwa na kirusi kiingiacho mwilini kwa njia ya damu, kwa kujamiiana, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi nacho. Wengi wao hawajui, kwani ini ni mvumilivu. Huumia kimya kimya miaka mingi, na siku lianzapo kulalamika huenda limekwisha jaa makovu au kupata saratani.

Lakini yuko adui wa pili asiyetajwa sana, naye ni mafuta yanayojaa ndani ya ini lenyewe. Huletwa hasa na unene, kisukari, vinywaji vyenye sukari nyingi na kukaa bila kuutumikisha mwili. Mwenye kirusi akipata na mafuta hayo, ini lake hushambuliwa pande mbili. Wataalamu wameona pia jambo la ajabu: mara nyingi wagonjwa wa namna hii huonekana wana kirusi kichache katika damu. Asidanganyike mtu kwa habari hiyo, maana makovu yaweza kuendelea, na kisukari huzidisha hatari ya saratani ya ini.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dawa za kila siku, kama tenofoviri, hukizuia kirusi kisizaliane, haziondoi mafuta. Mgonjwa humeza vidonge vyake kwa uaminifu, na jamaa zake, kwa mapenzi, humletea soda na glukosi apate nguvu. Kitambi kikianza kutokeza, humshukuru Mungu kuwa amepona. Sisi twasema kitambi si cheti cha afya, wala si cheo.

Silaha ya kupigana na mafuta tunayo wenyewe. Mtu mnene mwenye kilo 100 akipunguza kilo 7 hadi 10 polepole, kwa chakula cha kiasi na kwa kutembea au kulima, ini lake hupata nafuu kubwa. Pombe na aiache kabisa. Apimwe sukari na shinikizo la damu. Wala asiache vidonge pasipo idhini ya daktari, kwani kirusi chaweza kurudi kwa ukali.

Nchini mwetu watoto wachanga huchanjwa tangu mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata kinga hiyo utotoni. Hao ndio tunaowasihi hasa: nendeni mkapimwe, bila haya. Wazee walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Hiki ki ndani zaidi ya nguo, nasi hatuna budi kukitafuta huko huko kiliko.