Vita vya Urusi na Ukraine (Sehemu ya Pili): Dola Iliyoogopa Karatasi

Juma lililopita tulieleza jinsi majeshi ya Urusi yalivyoingia Ukraine alfajiri ya Februari 24, 2022. Leo tuwatazame Warusi wenyewe, maana swali ambalo wasomaji hawachoki kuuliza ni hili: mbona hawakupinga?

Walipinga. Siku ileile ya kwanza watu walijitokeza Moscow, St Petersburg na katika miji mingine mingi, na kabla ya usiku kwisha polisi walikuwa wamewatia mbaroni zaidi ya 1,700. Hesabu hiyo ni ya OVD-Info, shirika la Kirusi linalofuatilia kamatakamata za kisiasa. Kufikia mwisho wa Machi idadi ilikuwa imevuka 15,000.

Virungu vilikuja pamoja na kalamu. Roskomnadzor, mamlaka inayosimamia mawasiliano, iliviamuru vyombo vya habari vifuate taarifa za serikali tu, na serikali ilisema vita hivyo ni "operesheni maalumu ya kijeshi". Redio Ekho Moskvy, iliyoanza kusikika mwaka 1990, ilivunjwa na bodi yake Machi 3. Siku hiyohiyo televisheni ya Dozhd ikasimamisha matangazo. Kesho yake bunge likapitisha sheria, na Rais Vladimir Putin hakuilaza: aliitia saini siku ileile. Anayesambaza "habari za uongo" kuhusu jeshi aweza kufungwa hadi miaka 15, na mahakamani kipimo cha ukweli kikawa taarifa ya Wizara ya Ulinzi.

Tumezoea kudhani kwamba kazi ya propaganda ni kumfanya raia auamini uongo. Mimi naona ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kumfanya yule asiyeuamini adhani yuko peke yake. Machi 18 uwanja wa Luzhniki, Moscow, ulifurika watu, bendera na herufi Z, alama ya kuunga mkono vita. Baadhi ya waliohudhuria waliwaambia waandishi wa BBC kwamba wao ni watumishi wa umma na waajiri wao ndio waliowashinikiza wafike. Lakini mtazamaji wa kule Siberia, aliyeketi sebuleni na shaka zake, hakuyasikia hayo. Aliona umati unashangilia, akaona heri anyamaze.

Ndiyo sababu dola yenye silaha za nyuklia iliogopa karatasi. Mjini Nizhny Novgorod polisi walimkamata mwanamke aliyesimama hadharani ameshika karatasi nyeupe isiyo na hata neno moja. Machi 14 Marina Ovsyannikova, mhariri wa Channel One, televisheni ya serikali, aliingia studio wakati taarifa ya habari ya Vremya iko hewani, akasimama nyuma ya mtangazaji na bango lililowataka watu wakomeshe vita na wasiamini propaganda, kwa kuwa hapo wanadanganywa. Zilikuwa sekunde chache tu kabla mitambo haijahamishia picha kwingine. Zilitosha. Mamilioni waliokuwa na mashaka walijua sasa kwamba hata ndani ya nyumba inakopikwa habari hiyo kuna asiyekubali kuila. Baadaye, katika kesi ya upinzani wake mwingine dhidi ya vita, alitoroka akiwa katika kizuizi cha nyumbani, na mwaka 2023 akahukumiwa miaka minane na nusu bila kuwapo mahakamani.

Kesi inayonikera kuliko zote ni ya Sasha Skochilenko, msanii wa St Petersburg. Machi 31, 2022 aliingia supamaketi, akabandua vibandiko vitano vya bei na kuweka vyake vinavyofanana navyo. Kimoja kilisema jeshi la Urusi limeipiga bomu shule ya sanaa ya Mariupol walimojificha watu wapatao 400. Aliyemripoti polisi ni mteja mwenzake, bibi mzee. Novemba 2023 Skochilenko alihukumiwa miaka saba. Hakuna serikali inayoweza kuweka askari kwenye kila rafu ya duka. Hushinda pale mnunuzi wa sukari anapojituma mwenyewe kuifanya kazi ya askari. Msanii huyo alitoka Agosti 1, 2024, wafungwa walipobadilishwa kati ya Urusi na nchi za Magharibi katika uwanja wa ndege wa Ankara.

Alexei Gorinov hakuwa na bahati hiyo. Diwani huyu wa Moscow aliuliza kikaoni itakuwaje wapange mashindano ya watoto ya kuchora wakati watoto wanakufa Ukraine. Julai 2022 akafungwa miaka saba. Novemba 2024, akiwa bado mfungwa, akahukumiwa tena, safari hii miaka mitatu.

Sehemu ya tatu itavuka mpaka hadi Kyiv. Ukraine ndiyo iliyovamiwa, na hilo halibadiliki, lakini nayo ilitunga hadithi zake. Tutaanza na "Mzimu wa Kyiv", rubani aliyesifiwa dunia nzima, mpaka jeshi la anga la Ukraine lilipokiri Aprili 2022 kwamba ni ngano.