Kompyuta ya Injini: Tuthibitishe Kabla ya Kununua



Kwa chama cha msingi kilicho mbali na mji, gari ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe. Katika Lumuma, wilayani Kilosa, kitunguu ndicho zao linaloleta fedha, na kitunguu kilichokomaa hakimngoji mtu. Gari dogo la abiria kama Toyota Noah ndilo hupeleka viongozi benki, huleta mbegu na dawa za mimea, na usiku hugeuka kuwa gari la wagonjwa. Likilala gereji siku kumi, hasara haihesabiki kwa nauli peke yake.

Makala haya yanahusu sehemu moja ya gari hilo ambayo mara nyingi huvigharimu vyama fedha pasipo sababu, nayo ni kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: kompyuta isinunuliwe mpaka ithibitishwe kwa vipimo kwamba ndiyo iliyokufa.

KAZI YA KOMPYUTA

Katika magari ya zamani, kabureta ilichanganya petroli na hewa, na distribyuta ikagawa umeme wa cheche. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuziunganisha kazi hizo mbili katika kompyuta moja, ndani ya gari la BMW 732i. Siku hizi mpango huo umo katika magari yote ya petroli yanayotufikia kutoka Japani, zikiwamo Noah zilizoanza kutengenezwa mwaka 1996.

Kompyuta hupokea taarifa kutoka kwa sensa mbalimbali: joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia, mwendo wa kranki, na hali ya moshi unaotoka. Kisha huamua nozeli zimwage petroli kiasi gani, na plagi zitoe cheche wakati gani. Inafanana na katibu anayeamua kwa kutegemea taarifa za wajumbe wake. Wajumbe wakileta taarifa za uongo, uamuzi utaharibika ingawa katibu mwenyewe ni mzima. Ndiyo maana gari linalotetemeka, linalokula mafuta au linalozimika njiani si ushahidi kwamba kompyuta imekufa. Mara nyingi zaidi mkosaji ni sensa, waya, betri au fyuzi.

VIPIMO VYA KUFANYA KWANZA

1. Betri na altaneta. Betri nzima iliyopumzika huonyesha kama volti 12.6. Injini ikiwaka, kipimo kiwe kati ya volti 13.5 na 14.5. Umeme ukipungua sana, kompyuta huchanganyikiwa. Ukizidi sana, huungua.

2. Fyuzi, rilei na ethi. Waya wa ethi uliolegea au kushika kutu huleta dalili zote za kompyuta mbovu, na tiba yake ni spana na msasa.

3. Taa ya injini kwenye dashibodi. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, fundi apime kama umeme na ethi vinafika kwenye kompyuta. Vikifika vyote, na bado kompyuta iko kimya, hapo shaka ina msingi.

4. Volti 5 za sensa. Kompyuta huzipelekea sensa nyingi umeme wa volti 5. Umeme huo ukikosekana, fundi achomoe sensa moja baada ya nyingine. Ukirudi mara sensa fulani inapochomolewa, sensa hiyo au waya wake ndio wenye shoti, na kompyuta haina kosa.

5. Namba za hitilafu. Mashine ya kupimia husoma namba zilizohifadhiwa. P0601, P0605 na P0606 zinahusu kompyuta yenyewe. P0115 inahusu mkondo wa sensa ya joto la maji. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi huunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha huhesabu mimweko ya taa ya injini.

KINACHOIUA KOMPYUTA

Kompyuta haifi bila sababu. Maji huingia gari linapovuka mto uliojaa, au injini inapooshwa kwa maji ya nguvu. Betri hufungwa kinyume wakati wa kuazimana umeme. Bodi ya gari huchomelewa bila kufungua nyaya za betri. Panya hutafuna nyaya. Koili au nozeli yenye shoti huunguza sehemu ya kompyuta inayoiendesha. Katika kompyuta za zamani, kapasita huvuja na kula njia za umeme.

Basi chanzo kitafutwe kwanza. Chama kikifunga kompyuta nyingine huku koili yenye shoti imeachwa palepale, kompyuta hiyo nayo itaungua, na fedha za wanachama zitakuwa zimepotea mara mbili.

WAKATI WA KUBADILISHA

Rahisi huvunja upishi. Boksi zinazofanana kwa umbo hazifanani kwa kazi. Kwenye kompyuta za injini za Toyota pana namba ambayo kwa kawaida huanza na 89661. Namba ya boksi jipya ilingane yote na ya lile la zamani, kwa kuwa tofauti ya tarakimu za mwisho yaweza kuwa tofauti ya injini au ya giaboksi.

Kama gari lina kinga ya wizi, kompyuta ya mtumba haitautambua ufunguo wenu. Injini itawaka kidogo na kuzimika, au haitawaka kabisa, mpaka funguo zisajiliwe upya. Jambo hili liulizwe kabla ya kulipa.

Waya hasi wa betri ufunguliwe kabla ya kuchomoa boksi, na pini zisiguswe kwa vidole. Boksi la zamani lirudishwe chamani, kwa maana wakati mwingine hutengenezeka kwa kubadilishiwa kapasita.

WAJIBU WA KATIBU

Katibu hapaswi kuwa fundi, lakini anapaswa kudai maandishi. Fundi aandike vipimo alivyofanya na alichokiona. Bei ziombwe kwa muuzaji zaidi ya mmoja. Muda wa dhamana uandikwe, na stakabadhi ya mashine ya kodi idaiwe. Namba za boksi la zamani na la jipya ziingizwe katika kitabu cha gari. Mkaguzi wa COASCO atakapofika, maneno ya “fundi alisema” hayatamtosha, na mkutano mkuu nao una haki ya kuuliza.

Chama kisichokuwa na kipima volti kinashauriwa kununua kimoja. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kompyuta, na dereva aliyefundishwa aweza kufanya vipimo viwili vya kwanza palepale kijijini, kabla gari halijavutwa kwenda Kilosa.

Fedha ya chama imetoka katika jasho la mkulima aliyeinama kwenye majaruba ya vitunguu. Isitumike kwa kubahatisha.