Mnada wa Storeji Mtandaoni: Halali kwa Masharti

Naishi Houston, Texas, na kazi yangu ni ukalimani. Waswahili wenzangu wananiuliza sana kuhusu storeji, vile vyumba vya mlango wa bati tunavyokodi kwa mwezi kuhifadhia mali. Je, mwenye ghala anaweza kuuza vitu vyangu kwenye intaneti bila kunifikisha mahakamani? Anaweza. Lakini sheria imemwekea masharti, na kila mpangaji ayajue kabla ya kutia saini.

Kila jimbo la Marekani lina sheria yake. Hapa Texas, kifungu kinachompa mwenye ghala haki ya kushikilia na kuuza mali kwa ajili ya deni lazima kiwemo kwenye mkataba, kimepigiwa mstari au kimechapwa kwa herufi nzito. Ukichelewesha kodi, lazima akupe notisi na siku 14 za kulipa. Zikipita, anatangaza mnada hadharani. Hata hapo, maadamu mnada haujafanyika, ukilipa deni na gharama zake unakomboa mali yako.

Hakimu haonekani popote katika safari hiyo, na suala hilo lilishafika mbali. Mwaka 1973 Shirley Brooks alitolewa kwenye nyumba aliyopanga Mount Vernon, New York, na vyombo vyake vikapelekwa kwenye ghala la Flagg Brothers. Alipotishiwa kwamba vitauzwa, alishtaki akidai haki ya kusikilizwa kwanza. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia: Katiba inaibana serikali, na ghala la mtu binafsi si serikali.

Intaneti ilileta swali jingine. Sheria nyingi ziliandikwa wakati dalali anasimama mlangoni na wanunuzi wamemzunguka, zikataka mnada ufanyike kwenye ghala lenyewe au karibu nalo. Sasa, tovuti iko wapi? Florida ni kati ya majimbo yaliyolijibu waziwazi: mnada unaweza kufanyika kwenye tovuti ya umma inayoendesha minada ya namna hiyo kwa kawaida. Kuna faida ndani yake. Wanunuzi wakiwa wengi, bei inaweza kupanda, na fedha zinazobaki baada ya deni ni za mpangaji. Texas inampa miaka miwili kuzidai.

Kinachoniumiza ni notisi. Mama mmoja kutoka Kongo alihama nyumba, barua zikaendelea kwenda anwani ya zamani. Nilipomfungulia ukurasa wa mnada, chumba kilikuwa kimeshauzwa. Picha ilipigwa kutoka mlangoni: masufuria, furushi la vitenge, na kasha aliloandika kwa mkono wake PICHA NA VYETI. “Dada,” aliniambia, “vyombo wachukue. Vyeti vya watoto wangu vina faida gani kwao?” Sikuwa na jibu la kisheria la kumpoza, kwa sababu notisi inayotumwa kwenye anwani ya mwisho uliyoandikisha inahesabika.

Askari aliye kazini analindwa zaidi. Sheria ya shirikisho inakataza kuuza mali yake kwa deni la ghala bila amri ya mahakama, hadi siku 90 baada ya utumishi wake. Ulinzi huo ni wa haki, nami naamini wabunge wa majimbo wanaweza kuwapa raia japo sehemu yake: vyeti, picha na makaratasi ya uhamiaji vitengwe na kurudishiwa mwenyewe.

Mpaka hapo, ukihama, mpelekee mwenye ghala anwani na barua pepe mpya kwa maandishi siku hiyohiyo, nawe ubaki na nakala. Ukikwama kulipa, usikae kimya. Omba mpango wa malipo kabla ya tarehe ya mnada. Na vyeti vya familia visiingie storeji kamwe.