Ben Mtobwa: Jirani wa Kigoma aliyemleta Joram Kiango, na kwa nini PDF yake si ya bure

Ukiondoka Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ukashika barabara ya Kakonko, unaingia Mkoa wa Kigoma. Ni mkoa huo ndiko alikozaliwa Ben Rashid Mtobwa mwaka 1958, mmoja wa waandishi wa riwaya za kusisimua waliosomwa sana Tanzania.

Si ajabu leo kumkuta abiria wa basi la Ngara ameinamia simu, anamsoma Joram Kiango. Kitabu hana. Ana faili alilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, na hajui limetoka wapi.

Huyu Mtobwa alikuwa nani hasa? Na kusomwa kote huko kulimlipa nini?

Joram Kiango ni nani?

Ni mpelelezi wa kubuni. Riwaya za upelelezi za Kiswahili zilianzia pwani: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa *Simu ya Kifo*. Miaka ya 1970 Elvis Musiba akaja na Willy Gamba, jasusi anayetumwa na serikali.

Joram ni tofauti na Willy Gamba. Hajaajiriwa na serikali, anafanya kazi kivyake. Polisi, wakiongozwa na Inspekta Kombora, wanamhitaji lakini hawamuamini sana. Pembeni yake yupo Nuru, mwanamke mrembo ambaye naye akili inachemka.

Msomaji wa miaka ya 1980 alivutwa haraka. Sura ni fupi, mtu anakufa mapema, na kila ukurasa unakusukuma ufungue unaofuata. Majina ya vitabu yenyewe yalitosha kumsimamisha mpita njia: *Salamu Kutoka Kuzimu*, *Najisikia Kuua Tena*, *Tutarudi na Roho Zetu?*

Hakuandika mauaji tu

Kwa watu wa Kagera, kuna kimoja cha kutafuta: *Zawadi ya Ushindi*. Hicho kinahusu Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kinamfuata kijana anayekwenda vitani.

*Dar es Salaam Usiku* nacho kinaonyesha maisha ya jiji, pesa na umaskini vikiwa vinaishi mtaa kwa mtaa. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza.

Hata hivyo, wasomi wengi walikuwa wakiziweka riwaya za aina hii kando. Waliziita "riwaya pendwa", yaani za kuburudisha tu, tofauti na "riwaya dhati" zinazofundishwa darasani. Wasomaji hawakujali. Waliazimana nakala mpaka majalada yakachanika.

Basi alitajirika?

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu.

Mwandishi akichapishiwa na kampuni hulipwa mrabaha, yaani sehemu ndogo ya bei ya kila nakala inayouzwa. Mara nyingi ni karibu asilimia 10. Nakala moja ikipita mikononi mwa watu 20, mwandishi amelipwa mara moja tu.

Mtobwa aliamua kutobaki mwandishi peke yake. Alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko Publishers, jijini Dar es Salaam. Faida yake ni kwamba hakuna wa kukukatalia mswada. Hasara yake ni kwamba karatasi, mtambo, usafiri na nakala zisizouzika vyote vinakuwa juu yako. Na kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo kila kitabu kinachofika huku kimeshabeba nauli.

Alifariki Novemba 2008, akiwa na miaka 50.

Kwa hiyo ile PDF vipi?

Wengi wanadhani mwandishi akishafariki, kitabu kinakuwa cha wote. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Mtobwa, ulinzi huo unafika mwaka 2058. Mpaka hapo, haki ni za warithi wake au wale waliouziwa kihalali.

Kumuazima jirani kitabu chako si kosa. Nakala ni ileile moja, na ukimpa yeye wewe huna. Lakini ukipiga picha kurasa zote na kuzirusha kwenye kundi la watu 200, umetengeneza nakala 200 ambazo hakuna aliyezilipia.

Kuna upande wa pili pia. Vitabu vingi vya zamani ni vigumu kupatikana madukani, na bila simu kizazi hiki kisingemjua Joram kabisa. Dawa ni vitabu hivyo kurudi sokoni kwa njia ambayo msomaji wa Biharamulo anaweza kuimudu. Tayari wapo waandishi wanaouza riwaya zao sura kwa sura kwa malipo ya simu: ya kwanza bure, zinazofuata kwa pesa kidogo.

Mtobwa aliianza biashara yake kwa karatasi na malori. Kijana wa Ngara mwenye hadithi kichwani leo anaanza na simu. Swali linalombana ni lilelile: wakishaipenda, nani atailipia?