Wimbo ukikimbia, kwa nini toni nayo inapanda?

Kila mtu aliyekulia na radio ya kaseti anajua hii: mapile yakianza kuisha, mama mwimbaji anaanza kutoa sauti ya mwanaume, na ngoma inakokota miguu. Mwendo na toni vinashuka pamoja. Mimi nasaidiaga watu kuhamisha kaseti za kwaya na za wazee ku ordinateri, na naona ni vizuri tuelewe hii jambo, maana ukilikosea unaachia wajukuu sauti ambayo mzee hakuwa nayo.

Sauti ni mtetemo. Nota ya la, ile tunapimia vyombo, inatetema mara 440 kwa sekunde. Tukirekodi, mitetemo inapangwa juu ya utepe, mmoja nyuma ya mwingine, na mapigo ya ngoma vilevile. Kwa utepe, pigo na mtetemo vyote ni umbali tu. Ukiuzungusha mara mbili zaidi, 440 inakuwa 880, ni kusema okteva nzima juu, na wimbo wa dakika 4 unaisha kwa dakika 2.

Okteva iko na nusu-toni 12. Kila moja inaongeza karibu 6% juu ya ile ya mbele. Kwa hiyo wimbo wa mapigo 100 kwa dakika ukifika 106, umepanda nusu-toni moja. Disiki ya mizunguko 33⅓ ukiipiga kwa 45, inapanda zaidi kidogo ya nusu-toni 5.

Mafundi wa studio walitumia hii kwa makusudi. Mwaka 1965, George Martin alirekodi piano ya "In My Life" ya Beatles utepe ukienda nusu ya mwendo, kisha akaurudisha kwa mwendo wa kawaida. Lakini inaweza pia kuwa ajali. Mwaka 1959, mashini moja ilienda polepole wakati wa kurekodi upande wa kwanza wa "Kind of Blue" ya Miles Davis. Angalia vizuri: mashini ikivuta utepe polepole, mitetemo inabanana, ukiupiga kwa mwendo sahihi, toni inapanda. Waliokuwa wanapiga chombo pamoja na disiki hiyo walijikuta chini yake kidogo. Ilirekebishwa miaka ya 1990.

Kwetu, Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Ukitaka kujifunza vidole vyake kupitia nakula ya nakula, utajuaje kama mwendo ni wenyewe? Gitaa peke yake haitoshi kuwa shahidi, maana kila mtu anakazaga nyuzi vile anapenda. Tafuta chombo chenye toni isiyobadilika: akordeoni, harmonika, kinanda cha umeme. Ao sikiliza ule mvumo wa umeme chini ya muziki. Umeme wetu ni hezi 50. Kama mvumo uliorekodiwa siku ile unapima 53, kaseti inakimbia kwa 6%. Lakini kama walirekodi na jenereta, usiuamini.

Sasa, programu za leo zinaweza kutenganisha mwendo na toni: zinakata sauti vipande vidogo sana, zinavipanga upya kwa kuvirudia ao kuvipunguza. Inasaidia kwaya kujifunza wimbo polepole bila toni kushuka. Lakini kwa kurekebisha kaseti ya zamani, usiitumie! Kosa la mashini liligusa vyote viwili, basi virudishe vyote viwili pamoja: chagua kubadili kasi ya kawaida. Ile njia ingine itakuachia toni ya uongo, na mapigo ya ngoma yanaweza kupoteza ukali.

Na kila mara tunza nakula ya kwanza bila kuigusa, andika kando asilimia uliyobadilisha. Mwingine akipata ushahidi bora kesho, aanzie pale.

Ninyi nyumbani, muko na kaseti gani bado haijahamishwa?